Santuri, Mtaa na Kaburi: Urafiki wa Vijana na Muziki wa Motown katika Filamu ya Cooley High

Katika uhakiki wa fasihi, hadithi za makuzi, yaani masimulizi yanayomfuata kijana kutoka ujana mbichi hadi kwenye kizingiti cha utu uzima, zimechunguzwa zaidi katika riwaya kuliko katika filamu. Hali hii inaeleweka, lakini ina hasara yake. Filamu ina nyenzo ambayo riwaya haina: inasikika. Mwandishi wa riwaya anaweza kutuambia kwamba wahusika wake walicheza dansi usiku kucha, lakini msomaji hausikii wimbo wenyewe. Mtazamaji wa filamu anausikia, na mara nyingi anausikia akiwa tayari ana kumbukumbu zake mwenyewe juu yake. Makala haya yanachunguza namna nyenzo hiyo ilivyotumiwa katika filamu moja ya Wamarekani Weusi, Cooley High, iliyotolewa mwaka 1975 chini ya uongozi wa Michael Schultz kutokana na mswada wa Eric Monte. Hoja inayoongoza makala ni kwamba muziki katika filamu hii hauambatani na wakati wa wahusika bali na wakati wa yule anayewakumbuka, na kwamba kutoona tofauti hiyo kumewafanya wahakiki wengi waichukue kuwa filamu ya kuchekesha yenye mwisho wa huzuni, ilhali ni ombolezo tangu mwanzo.

Yafaa kwanza kutaja hali ya sinema za Weusi nchini Marekani wakati huo. Mwaka 1971 zilitoka Sweet Sweetback's Baadasssss Song na Shaft, na mwaka uliofuata Super Fly. Mafanikio yao ya kifedha yaliwafungulia macho wenye kampuni za Hollywood, nao wakafurika na filamu za wababe wenye bastola, wauza dawa za kulevya na wapelelezi wenye makoti marefu ya ngozi. American International Pictures, kampuni iliyogharamia Cooley High, ilikuwa miongoni mwa wachuuzi wakubwa wa bidhaa hiyo. Coffy ya 1973 na Foxy Brown ya 1974 zilitoka kwake. Hapana budi kusema kwamba si filamu zote hizo zilikuwa takataka, na muziki wa baadhi yake umeishi kuliko picha zenyewe. Isaac Hayes alipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wa Shaft, na Curtis Mayfield alitunga kwa ajili ya Super Fly nyimbo ambazo zinampinga shujaa wa filamu ileile zinamotumika. Lakini kijana wa kawaida, anayekwenda shule, anayetoroka shule, anayeogopa mama yake na kumtamani msichana wa darasa la pili, hakuwa na nafasi katika filamu hizo.

Nafasi hiyo ilifunguliwa na mafanikio ya filamu ya Wazungu. Mwaka 1973 George Lucas alitoa American Graffiti, inayosimulia usiku mmoja wa vijana wa mji mdogo wa California mwaka 1962, ikiwa imejazwa nyimbo za rock 'n' roll zinazotoka katika redio za magari yao. Filamu hiyo iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ilileta faida kubwa mno, na santuri za nyimbo zake ziliuzwa kwa wingi. Cooley High ilipotoka, magazeti yaliifananisha nayo papo hapo, wengine wakisema ni American Graffiti ya Weusi. Ufananisho huo una ukweli wake. Zote mbili zinarudi nyuma takriban miaka kumi, zote zinatumia nyimbo zilizokuwa zinajulikana, na zote zinafungwa kwa maandishi yanayotuambia wahusika waliishia wapi. Hata hivyo ufananisho huo unaficha zaidi ya unavyofichua, kama itakavyoonekana.

Eric Monte alikulia Cabrini-Green, mtaa wa nyumba za umma upande wa kaskazini ya katikati ya jiji la Chicago. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu: nyumba za chini za mwaka 1942, majengo ya ghorofa ya 1958, kisha minara ya William Green ya 1962. Katika kilele chake uliwahifadhi watu wapatao 15,000, karibu wote Weusi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka maduka ya kitajiri ya jiji. Monte alisoma katika shule ya ufundi ya Cooley, akaiacha bila kumaliza, akajiunga na jeshi, na hatimaye akasafiri hadi Hollywood kwa kuomba lifti barabarani. Yeye ndiye, pamoja na Mike Evans, aliyebuni tamthilia ya televisheni ya Good Times, iliyoanza mwaka 1974 na ambayo pia ilihusu familia ya Weusi katika nyumba za umma za Chicago. Kwa hiyo mwandishi huyu hakuwa akiutazama mtaa kutoka dirishani mwa gari. Schultz, kwa upande wake, alitoka katika jukwaa la Negro Ensemble Company ya New York, na mazoea yake ya kufanya kazi na kundi la waigizaji yanaonekana: katika filamu hii hakuna anayeigiza peke yake. Aliipiga picha papo hapo Chicago mwishoni mwa mwaka 1974, kwa gharama isiyofika dola milioni 1, akiwatia vijana wa mtaani katika baadhi ya nafasi. Filamu iliingiza dola milioni 13 hivi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mwaka ni 1964, wiki za mwisho za masomo. Leroy Jackson, anayeitwa Preach, ana alama duni darasani ingawa husoma historia na mashairi kwa hiari yake na ana ndoto ya kuwa mwandishi huko Hollywood. Rafiki yake Richard Morris, anayeitwa Cochise, ni mchezaji hodari wa mpira wa kikapu ambaye amepata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Grambling, kule Louisiana. Wanatoroka shule pamoja na wenzao, wanakwenda kuwatazama wanyama katika bustani ya Lincoln Park, wanacheza kamari ya dadu, wanakunywa mvinyo wa bei rahisi, wanahudhuria sherehe nyumbani kwa msichana aitwaye Dorothy. Preach anampenda Brenda. Kisha usiku mmoja wanakubali kupanda gari walilokuja nalo Stone na Robert, vijana wawili waliokwisha kuzoea uhalifu. Gari ni la wizi. Polisi wanawafukuza, na baadaye wote wanakamatwa. Mwalimu wa historia, Bwana Mason, anawaombea Preach na Cochise wakaachiliwa. Stone na Robert wanabaki ndani, nao wanaamini wamesalitiwa. Wanapotoka wanawasaka. Cochise anapigwa hadi kufa chini ya reli ya juu, na Preach anamkuta amelala hapo.

Angalia kwamba kosa linalomwua Cochise si la Cochise. Wala si la Preach, kwa maana hakuna aliyemsaliti mtu. Chanzo cha kifo ni wema wa mwalimu. Katika hadithi nyingi za makuzi mwalimu mwema ndiye anayemfungulia mlango mwanafunzi wake, na msomaji wa Kenya atamkumbuka Njoroge wa Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka uleule wa 1964, ambaye anaiamini shule kama wokovu hadi historia inapoifunga mbele ya uso wake. Monte hafungi shule kwa namna hiyo. Mlango unafunguliwa kweli, lakini unafunguliwa kwa wawili kati ya wanne, na hao wawili waliobaki nje wanalipiza kisasi kwa yule aliye karibu zaidi. Huu ni uchunguzi wa kijamii ulio mkali kuliko hotuba yoyote ambayo filamu ingeweza kumpa Bwana Mason.

Sasa kuhusu muziki. Filamu inaanza na picha za jiji la Chicago huku sauti za The Supremes zikiimba Baby Love. Kwa mtazamaji wa 1975 wimbo huo ulikuwa kama muhuri wa posta: hii ni 1964. Lakini Baby Love ilitolewa Septemba 1964, na matukio ya filamu yanatokea mwishoni mwa mwaka wa masomo, yaani miezi kadhaa kabla. Hilo ni kosa dogo na pengine halistahili kutajwa. Linastahili kutajwa kwa sababu haliko peke yake. I Can't Help Myself ya The Four Tops ni ya 1965. Stop! In the Name of Love ni ya 1965 vilevile. Reach Out I'll Be There ni ya 1966. Kijana wa 1964 asingeweza kucheza dansi kwa santuri ambayo ilikuwa bado haijarekodiwa.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba watengenezaji hawakujali. Inawezekana. Lakini hata kama hawakujali, matokeo yake yanabaki katika kazi yenyewe, na kazi ndiyo inayohakikiwa. Mtu anapokumbuka ujana wake hakumbuki tarehe za santuri. Nyimbo za miaka mitatu au minne zinayeyuka na kuwa msimu mmoja, msimu ambao rafiki yake alikuwa hai. Kinachosikika katika Cooley High, basi, si redio ya Preach wa mwaka 1964. Ni kichwa cha mtu aliyeondoka, aliyekaa mbali, na ambaye kwake nyimbo zote za Motown ni za kabla ya kaburi. American Graffiti inafanya kinyume: nyimbo zake zinatoka katika redio zinazoonekana, mtangazaji Wolfman Jack ana uso na studio yake, na muziki umefungwa ndani ya usiku mmoja kama taa za magari. Vijana wa Lucas wanasikiliza muziki wao. Vijana wa Monte wanasikilizwa kupitia muziki na mtu mwingine, na mtu huyo anajua watakufa lini.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa Marekani wamelipita kwa kasi. Nyimbo za filamu hii ni za Motown, kampuni ambayo Berry Gordy aliianzisha Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa zake. Lakini kisa ni cha Chicago, na Chicago haikuwa maskini wa muziki. Mwaka 1963 ndugu Leonard na Phil Chess, wenye kampuni ya santuri ya Chess, walianzisha jijini humo redio ya WVON iliyowalenga wasikilizaji Weusi. Vee-Jay nayo ilikuwa ya Chicago. Zaidi ya hayo, Curtis Mayfield mwenyewe aliishi ujana wake Cabrini-Green! Jerry Butler pia alikulia huko, na wawili hao walikuwa katika kundi la The Impressions lililotoa For Your Precious Love mwaka 1958. Mwaka ule wa 1964, Mayfield na The Impressions walitoa Keep On Pushing, wimbo uliokumbatiwa na watu wa harakati za haki za raia. Ni vigumu kuamini kwamba vijana wa mtaa ule hawakujivunia sauti iliyotoka katika ngazi zao wenyewe.

Kwa nini basi filamu ya Cabrini-Green inaimba kwa sauti ya Detroit? Jibu la kwanza ni la kibiashara. Haki za nyimbo za Motown zilikuwa mahali pamoja, na kampuni hiyo, iliyokuwa imehamishia makao yake Los Angeles mwaka 1972, ilitoa pia santuri za filamu. Kukusanya nyimbo za Chess, Vee-Jay na ABC-Paramount kungekuwa kazi ya kubisha milango mingi. Jibu hili halitoshelezi lakini lisidharauliwe. Historia ya sanaa imejaa maamuzi ya aina hii, ambapo bei iliamua kile ambacho baadaye tunakiita dhamira. Jibu la pili ni kwamba Motown ilikuwa imejitangaza kuwa sauti ya Marekani changa, pasipo kutaja rangi. Wasanii wake walifundishwa namna ya kukaa, kutembea na kuzungumza na watu wa televisheni. Nyimbo zake zilitengenezwa ili ziingie kila nyumba. Filamu iliyotaka kumtoa kijana Mweusi katika ubabe wa bastola na kumwonyesha kuwa kijana kama vijana wengine ilipata katika Motown lugha iliyokwisha kufanya kazi hiyohiyo miaka kumi kabla. Bei yake ilikuwa kuupoteza mtaa wenyewe katika masikio, hata pale macho yanapouona kila sehemu.

Upotevu huo hauishii katika muziki. Tarehe 22 Oktoba 1963, miezi michache tu kabla ya wakati wa kisa hiki, wanafunzi zaidi ya 200,000 wa Chicago walisusia masomo kupinga ubaguzi katika shule na sera za mkuu wa elimu wa jiji, Benjamin Willis, aliyewawekea watoto Weusi madarasa ya mabanda yanayohamishika badala ya kuwaruhusu waende katika shule za Wazungu zilizokuwa na nafasi. Mgomo wa pili ulifuata Februari 1964. Katika Cooley High vijana wanatoroka shule kwenda kuwachezea masokwe. Mtazamaji anayeijua historia hiyo hawezi kukwepa kujiuliza iwapo Preach na Cochise walikuwa miongoni mwa wale 200,000. Filamu haisemi. Pengine Monte aliona kwamba Weusi wa Marekani walikuwa wamechoka kuonekana tu wakiwa katika maandamano, kama walivyochoka kuonekana tu wakiwa na bastola, na kwamba siku moja ya kucheka bila sababu nayo ilikuwa haki. Hoja hiyo ina uzito. Lakini siasa inapoingia hatimaye, katika maandishi ya mwisho, inaingia kwa sentensi moja: tunaambiwa kwamba Tyrone, mmoja wa kundi lao, aliuawa katika vurugu za mkutano wa chama cha Democratic mjini Chicago mwaka 1968. Hakuna katika filamu nzima kilichotuandaa kwa sentensi hiyo. Inaanguka kama jiwe kisimani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kutoudharau muziki huu kwa madai kwamba ni wa starehe tu. Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, mwaka uleule ambao Operesheni Vijana ya vijana wa TANU ilikuwa ikiwaandama wavaaji wa sketi fupi na suruali za kubana. Hoja ya marufuku ilikuwa kwamba muziki huo unaharibu utamaduni wa taifa. Wapinzani wake waliandika magazetini wakiuliza iweje muziki wa Weusi wenzao walioonewa uwe sumu ya kikoloni. Mjadala huo ni ushahidi kwamba santuri zilezile zinazochezwa sebuleni kwa Dorothy zilivuka bahari zikiwa na maana zaidi ya moja, na kwamba wazee wa pande zote mbili walizitazama kwa shaka.

Sherehe ya nyumbani kwa Dorothy inastahili kukaziwa macho, kwa sababu humo ndimo muziki na urafiki vinapokutana waziwazi. Ni sherehe ya kiingilio: kila anayekuja analipa senti 25. Mila hii ina nasaba. Katika Harlem ya miaka ya 1920 wapangaji walioshindwa kulipa kodi waliwaalika watu kucheza dansi nyumbani kwa malipo madogo, wakamwita mpiga piano, na asubuhi kodi ilikuwa imepatikana. Kwa Dorothy hakuna mpiga piano. Kuna mashine ya santuri. Taa zimefifishwa. Wavulana ambao mchana kutwa wametukanana na kusukumana sasa wanalazimika kusimama wima, kuomba, kukataliwa, kuomba tena. Kamera ya Schultz inabaki katikati ya miili, haipandi juu kuwatazama kama wanyama wa bustani. Ni katika mazingira hayo Preach anamkaribia Brenda, na kinachowakutanisha ni ushairi, si dansi.

Hapa kuna mgongano ambao filamu inaujenga kwa ustadi. Wimbo ni mali ya kundi. Mvulana anaweza kuimba kwa sauti maneno ya mapenzi, ya kubembeleza, hata ya kulia, mradi ni maneno ya Smokey Robinson na wenzake wanaimba naye. Shairi alilolitunga mwenyewe ni jambo jingine. Hilo linamvua nguo. Preach huficha uandishi wake kama wengine wanavyoficha uoga. Cochise ndiye anayeujua na kuuheshimu, na hapo ndipo urafiki wao unapopimwa: si katika kupigana bega kwa bega bali katika kuitunza siri ya udhaifu wa mwenzako. Kwa hiyo pigo linapokuja kutoka kwa Cochise, pale Preach anapomkuta na Sandra, msichana aliyekuwa wake zamani, halimuumizi kwa sababu ya Sandra. Na kwa sababu Preach anakimbia kwa hasira, Cochise yuko peke yake Stone na Robert wanapomfikia.

Inafaa kukiri kwamba wasichana wa filamu hii hawakutendewa haki hiyo. Preach amewekeana dau na Cochise juu ya Brenda, na linapofichuka Brenda anaondoka kwa hasira iliyo halali kabisa. Lakini filamu inamrudisha bila kutueleza vyema kwa nini. Sandra anabaki kuwa sababu tu. Cynthia Davis, aliyeigiza Brenda, anampa mhusika huyo akili na tahadhari kuliko alivyoandikiwa, na maandishi ya mwisho angalau yanamkumbuka: Brenda ni mkutubi huko Atlanta, ana watoto watatu. Katika American Graffiti maandishi ya mwisho yanawataja wavulana wanne pekee, kana kwamba wasichana walizimika pamoja na redio.

Mapema katika filamu vijana wanakunywa mvinyo na kumwaga kidogo chini kwa ajili ya ndugu wasiokuwapo. Wanafanya hivyo kwa mzaha nusu, kama watu wanaorudia jambo waliloliona kwa wakubwa. Hakuna haja ya kumweleza msomaji wa huku maana ya kumwagia waliotangulia. Inatosha kusema kwamba tendo hilo, lililovuka Atlantiki na kusahau jina lake, linasubiri katika filamu kama deni. Siku ya mazishi Preach hasimami na waombolezaji. Anasubiri kwa mbali hadi wote waondoke, ndipo anaposogea kaburini, anazungumza na marehemu, na kumsomea shairi. Kile kilichofichwa kinasomwa kwa sauti mbele ya msikilizaji pekee aliyestahili, ambaye hasikii. Kama katika jando kijana anatoka akiwa na rika lake, Preach anatoka bila rika. Anaondoka mbio kuelekea Hollywood, na kinachomfuata ni maandishi ya nani alikufa, nani yuko kiwandani Muncie, Indiana, nani ni sajini wa jeshi Ulaya. Stone na Robert waliuawa mwaka 1966 wakiiba katika kituo cha petroli. Walioua hawakuishi sana kuliko waliyemwua.

Wimbo unaosikika wakati wa mazishi ni wa pekee katika mkusanyiko huu. It's So Hard to Say Goodbye to Yesterday uliandikwa na Freddie Perren na Christine Yarian kwa ajili ya filamu hii, ukaimbwa na G.C. Cameron, aliyewahi kuwa mwimbaji wa The Spinners. Nyimbo nyingine zilikuja na kumbukumbu za hadhira. Huu ulikuja mtupu. Mwaka 1975 hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumzika mtu kwa wimbo huo. Uliwekwa kati ya nyimbo za miaka kumi iliyopita na kuvaa mavazi yao, mtazamaji akadhani ameusikia zamani. Kama mbinu, hii ni ya ujanja kidogo. Kama ombolezo, inafanya kazi, kwa sababu kifo cha kijana hakina wimbo uliotayarishwa, lazima utungwe.

Historia ya baadaye ya filamu hii ni mchanganyiko. Mwaka 1976 televisheni ya ABC iliigeuza kuwa What's Happening!!, mchezo wa kuchekesha uliohamishiwa Los Angeles, ambamo hakuna anayekufa na kwa hiyo hakuna anayekumbuka. John Singleton aliitaja kuwa mwalimu wa Boyz n the Hood, filamu yake ya 1991, na uhusiano wa marafiki wawili pale, mmoja mwenye vitabu na mwingine mwenye mpira na ufadhili wa chuo, unaonyesha deni hilo bila maelezo. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa za taifa. Schultz mwenyewe aliendelea kuufuata muziki wa vijana ulikokwenda: baada ya Car Wash ya 1976 alifika mwaka 1985 kwa Krush Groove, iliyowaweka Run-DMC na wenzao wa rap mbele ya kamera wakati ambapo wengi bado waliuona muziki huo kuwa kelele za kupita.

Shule ya Cooley ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mnara wa mwisho wa Cabrini-Green ulibomolewa mwaka 2011. Wimbo wa mazishi ulichukua njia nyingine. Mwaka 1991 Boyz II Men, vijana wanne wa Philadelphia ambao filamu ilipotoka walikuwa bado watoto wadogo, waliuimba upya bila ala yoyote, kwa sauti nne tu, kama wanavyoimba watu wanaosimama pembeni mwa barabara. Motown ndiyo iliyoutoa. Tangu hapo umeimbwa katika mahafali ya shule na katika maziko kote Marekani na watu ambao wengi wao hawajaiona filamu. Albamu waliyouweka ndani yake vijana hao waliipa jina Cooleyhighharmony, maneno yameunganishwa bila nafasi.